Sekunde 30 Ambazo Hatuzitazami

Mwanangu ana miaka minne. Siku za wiki bado zinamsumbua, Jumatano huiweka mbele ya Jumanne, lakini wimbo wa tangazo la sabuni ya unga anaujua wote, tangu mluzi wa mwanzo hadi lile neno la mwisho linalovutwa. Hakuna aliyemfundisha. Hata kulitazama tangazo lenyewe sijawahi kumwona akilitazama. Linapopita, yeye huwa sakafuni na magari yake, runinga kaipa mgongo.

Mimi nilijiona tofauti naye. Miaka yote nimekuwa nikisema kwamba matangazo ya biashara hayaniwezi. Yakianza nashika simu, au nainuka kunywa maji, au nazungumza na mke wangu hadi kipindi kirudi. Kisha ikaja jioni moja nimesimama mbele ya rafu ya sabuni, nina haraka, kichwa kimejaa mambo ya kazini. Mkono ukanyooka, ukachukua pakiti, ukaitia kikapuni. Nilikuwa nimeshapiga hatua tatu au nne ndipo nikaitazama. Ilikuwa ile ya wimbo wa mwanangu. Nyumbani hatukuwahi kuitumia. Sikuwa nimesoma hata neno moja lililoandikwa juu yake. Nikasimama katikati ya njia, watu wananipita, najaribu kukumbuka ni lini hasa niliamua kuinunua. Sikukumbuka, kwa sababu sikuwahi kuamua.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaigeuza mkononi, akaniuliza, "Hii ya nini tena?"

Nikamjibu, "Nimesikia ni nzuri."

"Umesikia kwa nani?"

Nikakosa la kusema. Maneno yale yalinitoka yenyewe, na yalinitoka kwa uhakika wa mtu aliyeambiwa na ndugu anayemwamini.

Tangu siku hiyo nimeyatazama matangazo kwa namna mpya. Nakaa na daftari, rimoti mkononi, narudisha nyuma, nahesabu. Nimetafuta pia waliyoyaandika watu waliochunguza kazi hii tangu ilipoanza. Zamani nilidhani hatari ya tangazo ni kutudanganya hadi tukaamini. Sasa naona kwamba tangazo halina haja kubwa ya kuaminiwa. Linataka kuzoeleka, na mazoea huingia kwa urahisi zaidi tukiwa tumegeuza mgongo.

Mwaka 1965 mtafiti mmoja wa Marekani, Herbert Krugman, alilikabili fumbo ambalo wenye matangazo walikuwa wakiligusa bila kulifumbua. Watu wakihojiwa walisema matangazo ya televisheni ni upuuzi mtupu, hawayajali. Na bado vitu vilivyotangazwa vilikuwa vinanunuliwa. Jibu lake lilikuwa kwamba kuna kujifunza kusikohitaji nia. Jambo likitugusa sana, tunabishana nalo, tunalipima, tunaweka mlinzi mlangoni. Mbele ya tangazo la sabuni hakuna anayeweka mlinzi, maana nani akeshe akibishana na sabuni? Basi maneno na picha hupita siku baada ya siku, na mtu akiulizwa maoni yake yako palepale. Kinachobadilika ni jinsi kitu kile kinavyomjia machoni. Badiliko hilo hulala kimya hadi siku anaposimama mbele ya bidhaa, ndipo linapoamka. Nilipoisoma hoja hiyo niliona kikapu changu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1968, mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha majaribio ambayo hadi leo yananitisha kwa wepesi wake. Aliwaonyesha watu maneno ya kubuni, alama zilizofanana na maandishi ya Kichina, na sura za watu wasiowajua. Vingine walivionyeshwa mara moja, vingine mara 25. Kadiri walivyokiona kitu mara nyingi, ndivyo walivyokipenda. Hawakupewa sababu yoyote. Jaribio jingine, alilolifanya na mwenzake, lilitoka nje ya maabara likaingia kwenye magazeti ya wanafunzi wa vyuo vikuu viwili. Kwa wiki kadhaa magazeti hayo yalitoa kisanduku chenye neno moja tu ndani yake, bila maelezo wala bidhaa: kadirga, saricik, nansoma. Hilo la mwisho sikio la Mswahili linataka kulielewa, lakini kwa wasomaji wale lilikuwa sauti tupu. Baadaye wasomaji waliulizwa kila neno wanaona linamaanisha kitu kizuri au kibaya. Maneno yaliyotokea mara nyingi ndiyo waliyoyaona yana maana nzuri.

Hapo nilikaa sana. Neno lisilo na maana yoyote lilipata wema kwa kupita tu mbele ya macho.

Kisha mwaka 1977 watafiti watatu, Hasher, Goldstein na Toppino, walionyesha kwamba kurudia hakuishii kwenye kupenda. Waliwasomea wanafunzi sentensi nyingi, za kweli na za uongo, kwa awamu tatu zilizopishana wiki mbili. Baadhi ya sentensi zilirudi kila awamu. Sentensi zile zilizorudi zikawa zinaonekana za kweli zaidi kila zinaporudi, za uongo pamoja nazo. Jambo tuliloliona mara nyingi akili hulipokea kwa wepesi, na wepesi ule tunaudhani ni ukweli. Ndiyo siri ya "nimesikia ni nzuri" yangu. Nilikuwa nimesikia kweli. Nilichosahau ni kwamba aliyeniambia ndiye anayeiuza.

Kwa hiyo tangazo linalokukera nalo lina kazi yake. Miaka ya 1950 Rosser Reeves, mmoja wa wakubwa wa matangazo wa Marekani, alitengeneza tangazo la dawa ya maumivu iitwayo Anacin. Lilionyesha kichwa cha mtu, ndani yake nyundo inagonga, springi inajikunja, radi inapiga, na sauti inarudia kwamba nafuu ni ya haraka, haraka, haraka. Watazamaji walilichukia sana. Dawa ilinunuliwa sana. Reeves hakuhitaji kupendwa. Alihitaji mtu akiumwa kichwa jina moja limtangulie.

Krugman huyohuyo aliandika mwaka 1972 kwamba huenda kuliona tangazo mara tatu kunatosha. Mara ya kwanza mtazamaji hujiuliza: ni nini hiki? Mara ya pili: kinanihusu nini? Mara ya tatu na kuendelea ni kukumbushwa tu. Lakini hizo tatu si tatu za saa. Mtu anaweza kukutana na tangazo mara 20 bila kuvuka lile swali la kwanza, kwa sababu bidhaa haimhusu bado, kisha siku inapomhusu akalitazama kana kwamba ndiyo mara ya pili. Ndiyo maana linaendelea kurushwa mwaka mzima kwa watu wasiolihitaji. Linamngojea kila mmoja afikwe na siku yake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeipenda methali hii tangu utoto, lakini naona ilitungwa mahali ambapo mnunuzi anakishika kitu, anakigeuza, anakinusa, anakirudisha. Kwenye kioo hakuna cha kushika. Kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, na anayefika mara nyingi ndiye anayekaribishwa. Tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza halali kwenye televisheni ya Marekani lilirushwa tarehe 1 Julai 1941 mjini New York, kabla ya mchezo wa besiboli: uso wa saa ya Bulova kwenye kioo, mshale unazunguka. Gharama yake haikufika dola 10. Mwaka 2024 sekunde 30 wakati wa Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, ziliuzwa kwa takriban dola milioni 7. Hesabu hiyo nawaachia wanaosema, kama nilivyosema mimi, kwamba hayawaathiri. Wenye fedha hizo wanapima kila senti yao.

Tuje kwenye tangazo lenyewe. Jioni moja, mtoto amelala, nililitafuta lile la sabuni nikazima sauti.

Lina sekunde 30. Kwa kasi ya kawaida ya runinga, picha 25 kwa sekunde, hizo ni picha 750. Nilihesabu mikato, pale mandhari moja inaporukia nyingine, nikapata 21, maana yake hakuna mandhari inayokaa sekunde moja na nusu kwa wastani. Picha ya kwanza ni ya tope. Tone moja linaruka polepole, limekuzwa hadi hujui unatazama nini, ni sayari au ni tunda. Hapo tayari nimeshikwa, kwa sababu nataka kujua. Ivan Pavlov, yule wa mbwa na mate, aliliona jambo hili kwa wanyama wake: mlio mpya ukisikika, nuru mpya ikimulika, kiumbe hugeuza kichwa kabla hajafikiri. Aliuita mwitiko wa "ni nini hicho?" Ni urithi wa kale, ulituokoa na meno ya wanyama vichakani. Kila mkato wa picha unaugonga tena. Ndiyo sababu unaweza kuwa unazungumza na mtu unayempenda, runinga ikiwa pembeni, na macho yako yakakimbilia kule bila ruhusa yako.

Tone linatua kwenye shati jeupe la mtoto. Sekunde ya sita, mtoto anamtazama mama yake. Sekunde ya saba, uso wa mama. Kisha kuna picha ambayo nililazimika kuirudisha mara tano ili nihakikishe imo: jirani, mlangoni, macho yake yameliangukia shati. Haifiki hata sekunde moja. Jirani hasemi neno, hana jina, harudi tena. Lakini mtoe huyo jirani na tangazo zima linakufa. Tope kwenye shati la mtoto si msiba wa mtu yeyote, watoto huchafuka. Kuonwa ndiko kunakouma. Katika sekunde ambayo hakuna atakayekumbuka kuiona, sabuni imeacha kuwa kitu cha kuondoa uchafu, imekuwa kitu cha kuondoa aibu.

Sekunde ya kumi pakiti inatokea, mwanga unatoka nyuma yake. Na hapa nikaona jambo jingine. Hadi hapo nyumba yote ilikuwa na rangi ya jivu: ukuta, nguo ya mama, hata ngozi zao. Baada ya pakiti, ukuta uleule unang'aa. Mama amevaa nguo nyingine, ya njano. Dirisha limeingiza jua. Hakuna anayedai kwamba sabuni imefanya hayo, na hakuna atakayeshtakiwa kwa kuyadai, lakini jicho limeyaona yakifuatana, na jicho huamini kwamba kinachofuata kimesababishwa na kilichotangulia. Sekunde ya 19 shati liko kwenye kamba, upepo unalijaza kama tanga. Mama analinusa akiwa amefumba macho. Mtoto anakimbia kumkumbatia. Sekunde nne za mwisho ni za pakiti, nembo na kaulimbiu.

Nilitafuta hoja ya kubishana nayo, sikuipata. Kuna maneno mawili tu yanayokaribia dai: "meupe zaidi". Zaidi ya nini? Zaidi ya jana, zaidi ya sabuni nyingine, zaidi ya shati lenye tope? Haisemwi. Ni ulinganisho ulioachwa na mguu mmoja, na kila mtazamaji anaumalizia mguu wa pili kichwani mwake. Na aliyeumalizia mwenyewe hatauliza ushahidi.

Baada ya hapo nikafumba macho nikasikiliza sauti peke yake. Mluzi wa noti tatu unaanza pamoja na tone la tope, unakatika kwenye uso wa jirani, kisha unarudi kwa ukamilifu pakiti inapotokea. Huo ukimya katikati nauona ndio ufundi wenyewe. Sikio linapopewa noti mbili linaisubiri ya tatu. Ikichelewa, mwili unabaki na deni dogo, na pakiti ndiyo inayolilipa. Maneno yaliyofungwa kwenye wimbo yana faida nyingine: kila noti inaivuta inayofuata, kwa hiyo ukikumbuka kipande umekumbuka chote. Mwanangu hawezi kukusimulia tangazo lile, lakini ukimpa mluzi wa kwanza hawezi kusimama njiani.

Kuhusu kelele, wengi wetu tumewahi kuinuka kutafuta rimoti kwa sababu matangazo yameanza na nyumba imejaa sauti. Kwa muda mrefu kanuni ziliwekea ukomo kilele cha sauti tu. Filamu ina mnong'ono na mlipuko, na mlipuko ndio unaogusa kilele. Mafundi wa matangazo walichofanya ni kuibana sauti: vilele vinashushwa kidogo, minong'ono inapandishwa, kisha yote yanasukumwa juu kwa pamoja hadi kusiwe na pumzi. Kilele hakijavuka kanuni, lakini sikio linapigwa sekunde zote 30. Malalamiko yalikuwa mengi hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, kwamba wastani wa sauti ya tangazo usizidi wa kipindi linalokisindikiza.

Lazima niseme pia kwamba nimewahi kuwa upande wa pili. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kurekodi sauti ya tangazo, kwa sababu mtu fulani alipenda sauti yangu. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimevishwa sponji, mbele yangu maikrofoni na karatasi moja yenye maneno 64. Nilidhani nitasoma mara mbili niondoke. Nilikaa saa tatu. Msimamizi, mtu mpole sana, aliniambia kupitia vipokea sauti, "Kaka, tabasamu unaposoma. Tabasamu linasikika." Nikatabasamu, na ni kweli, nilipojisikiliza sauti ilikuwa imefunguka. Kisha tukakwama kwenye sentensi moja: "Nyumbani kwetu hatutumii nyingine." Nilisoma kwa nguvu, akasema hapana. Nikasoma taratibu, hapana. Mwishowe akaniambia nisimwambie mtu yeyote, nimwambie mtu mmoja ninayempenda, aliye karibu, amechoka. Nikamfikiria mama yangu. Nikasoma. Kimya kikatanda upande wa pili wa kioo, kisha akasema, "Hiyo ndiyo."

Bidhaa ilikuwa mezani, nyumbani kwetu haikuwahi kuingia. Upendo niliouweka kwenye sentensi ile ulikuwa wa kweli, wa mama yangu, na ukauzwa pamoja na pakiti. Mama alilisikia tangazo lile kwenye runinga yake akanipigia simu kwa furaha. Akaanza kuinunua. Sikumwambia.

Nikiulizwa tangazo linapata wapi nguvu, nitaanzia hapo. Tony Schwartz, fundi wa sauti wa Marekani, alishikilia kwamba kazi ya tangazo si kumwingizia mtu kitu kipya, ni kugusa kilichomo ndani yake tayari, kama waya unavyoitikia waya mwingine ukipigwa. Mfano wake maarufu ni tangazo la kampeni ya Rais Lyndon Johnson lililorushwa tarehe 7 Septemba 1964. Msichana mdogo anachuma petali za ua, anahesabu, anakosea kama wanavyokosea watoto. Sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kamera inaingia ndani ya jicho la mtoto hadi weusi unajaa kioo, na hapo bomu la nyuklia linalipuka. Jina la mpinzani, Barry Goldwater, halikutajwa popote. Lilirushwa kama tangazo la kulipiwa mara moja tu. Vituo vya habari vikalionyesha tena vikilijadili. Hofu ya bomu watu walikuwa nayo majumbani mwao tayari, na upendo wa watoto walikuwa nao. Tangazo liliviweka viwili hivyo karibu, likakaa kimya kuhusu yaliyobaki.

Kuna watu wanaoogopa zaidi maneno yaliyofichwa. Hofu hiyo ilipata umaarufu mwaka 1957, mtafiti wa masoko James Vicary alipodai kwamba alimulika maneno ya kuwahimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola katikati ya filamu, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na mauzo yakapanda. Mwaka 1962 mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na data ya kutosha. Dunia iliendelea kuogopa. Naona hofu hiyo inatufariji, kwa sababu inatufanya tudhani kwamba tunachokiona waziwazi hakina madhara. Jirani wa kwenye tangazo la sabuni hakufichwa. Yumo, kwa mwanga wa kutosha, na sisi hatutazami.

Uongo wa waziwazi nao umekuwepo, na baadhi yake ulifika mahakamani. Kampuni ya Colgate-Palmolive ilitangaza krimu ya kunyolea iitwayo Rapid Shave kwa kuonyesha kwamba inalainisha hata msasa: unapaka, unapitisha wembe, mchanga wote unaondoka. Kilichonyolewa kilikuwa kipande cha plastiki angavu kilichomwagiwa mchanga. Msasa halisi ungeweza kunyolewa, lakini baada ya kulowekwa kwa takriban dakika 80. Utetezi wao nimeufikiria sana: msasa halisi kwenye kamera unaonekana kama karatasi tu. Yaani ukweli haukupendeza kwenye picha, basi wakatafuta kitu kinachofanana na ukweli zaidi ya ukweli. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa utetezi huo. Miaka michache baadaye ikaja kesi ya supu ya Campbell, ambayo gololi za kioo ziliwekwa chini ya bakuli ili mboga na nyama zielee juu. Supu ilikuwa ya kweli, bakuli lilikuwa la kweli, mboga zilikuwa za kweli. Gololi tu ndizo hazikutajwa.

Mwaka 1983 mwanasosholojia W. Phillips Davison alieleza tabia ambayo naijua vizuri, kwa kuwa ni yangu: watu hukiri kwamba vyombo vya habari vinawaathiri wengine, na kila mmoja anajitoa yeye. Ukikaa na watu kumi sebuleni, wote kumi watakuambia matangazo yanawapumbaza wengine. Anayejua kwamba anashawishika angalau atatazama mara mbili. Mimi niliyejiona nimekingwa nilikwenda kwenye rafu bila kinga.

Watoto hata hilo la kujidai hawana. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawaelewi kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari ya kweli. Wadogo zaidi, wa umri wa mwanangu, hata mpaka kati ya kipindi na tangazo hawauoni sawasawa. Jimbo la Quebec nchini Kanada limepiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980, na Sweden imezuia yale ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12 tangu miaka ya 1990. Natamani sheria za namna hiyo zienee. Kumpa mtu mzima tangazo ni kumkabili mtu anayeweza kukataa, hata kama hakatai. Mtoto wa miaka minne anaimbiwa, naye anajua tu kwamba anayekuimbia anakupenda.

Sabuni yenyewe inafua. Haifui zaidi ya ile tuliyokuwa nayo, wala chini yake. Pakiti ilipokwisha tukanunua nyingine ileile, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea sasa.

Juzi usiku mapumziko ya matangazo yalipoanza nilizima sauti, nikamwita mwanangu aje akae nami kwenye kochi. Nilitaka tulitazame pamoja, picha kwa picha. Tone la tope likaruka. Nikamwuliza, "Hawa wanauza nini, mwanangu?"

Akaangalia kwa makini. "Shati," akasema.

"Na yule mlangoni, umemwona?"

"Nani?"

Jirani alikuwa ameshapita. Sikupata muda wa kumweleza, kwa sababu alikuwa ameanza kuimba. Runinga ilikuwa kimya kabisa, na yeye alipiga mluzi kwa midomo isiyojua bado kupiga mluzi, akanyamaza panapotakiwa kunyamaza, akaendelea. Pakiti ikatokea kwenye kioo palepale sauti yake iliporudi. Mke wangu, aliyekuwa chumba cha pili na wala haioni runinga, akamalizia neno la mwisho pamoja naye.